Kwa nini kompresa ya gari huishiwa na pumzi matopeni

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, wenye magari mjini Butere, Kaunti ya Kakamega, hukumbuka upesi tofauti iliyopo kati ya barabara ya lami na ile ya udongo. Lami itokayo Sigalagala humfikisha dereva katika mji huu ulio mwisho wa reli ya kutoka Kisumu bila taabu kubwa. Lakini akiiacha na kuingia njia za mashambani, zile zinazopitiwa na matrekta ya kubeba miwa, hujikuta kati ya mitaro miwili ya matope iliyochimbwa na magurudumu makubwa kuliko yake.

Dereva mzoefu akifika hapo hupunguza upepo wa matairi. Tairi la pikapu lililojazwa hadi pauni 35 kwa kila inchi mraba, likipunguzwa hadi 20 hivi, hutandaa na kukanyaga eneo kubwa zaidi la ardhi, nalo hupata mshiko. Hatari huja anaporejea kwenye lami. Tairi lenye upepo haba hupindapinda ubavuni kila linapozunguka, hupata joto, na likiendeshwa kwa kasi chini ya mzigo mzito laweza kupasuka. Anayetoa upepo shambani, basi, sharti awe na njia ya kuurudisha, na mashine za upepo haziko kila njia panda. Akiwa amembeba mgonjwa usiku, hana nafasi ya kwenda kumwamsha fundi wa pancha.

Hiyo ndiyo kazi ya kompresa ndogo inayofungwa chini ya boneti au nyuma ya kiti na kuendeshwa na betri ya volti 12. Nayo ina tabia mbaya ya kugoma siku ile ile inapohitajika.

Ikigoma, wengi hukimbilia kuifungua. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kwanza, kwani mara nyingi kompresa yenyewe haina kasoro. Kasoro imo katika nyaya zinazoilisha. Kompresa ya kiasi hutumia ampea 20 au zaidi, na zile kubwa zenye silinda mbili hupita 50. Tundu la kuwashia sigara katika magari mengi lina fyuzi ya ampea 10 hadi 20 tu. Hata fyuzi isipokatika, waya mwembamba hupoteza nguvu ya umeme njiani. Mota huzunguka kwa uvivu, hupata joto jingi, kisha swichi ya joto iliyomo ndani huizima. Dereva hudhani imekufa. Baada ya nusu saa, ikishapoa, huwaka tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Dawa yake ni kuvuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, kuweka fyuzi karibu na betri hiyo, na kutumia relei ili swichi ya dashibodi isibebe mzigo wote. Waya wa hasi nao usisahaulike. Ukifungwa kwenye bodi ya gari juu ya rangi au kutu, umeme haurudi vizuri. Pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae. Mwenye mita ya umeme aipime kompresa ikiwa inafanya kazi na injini ya gari ikinguruma. Kwenye betri atasoma volti 14 hivi. Kama kwenye kompresa yenyewe anasoma chini ya 11, asifungue hata skrubu moja, ashughulikie nyaya.

Adui wa pili ni joto linalozaliwa na kazi yenyewe, kwa maana hewa ikibanwa hupata moto. Ndiyo sababu watengenezaji huandika asilimia ya muda ambao kompresa inaruhusiwa kufanya kazi. Iliyoandikwa asilimia 30 ifanye kazi dakika 3 kati ya 10, kisha ipumzike. Anayejaza matairi manne mfululizo bila kupumua huunguza ringi ya pistoni. Mahali pa kuifunga pia huchangia: pasiwe jirani na ekzosi, wala chini mno ambapo maji ya kijito yataifikia.

Kichujio cha kuingizia hewa huziba kwa vumbi wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, kisha mvua huligeuza vumbi hilo kuwa tope. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache, lakini ni wachache wanaokikumbuka.

Iwapo mota inazunguka vyema ila upepo hautoki ipasavyo, pakaza povu la sabuni kwenye paipu na viungo vyake. Penye mapovu ndipo penye tundu. Kama hakuna, fungua kichwa cha silinda utazame vibati vyembamba vya vali. Punje moja ya mchanga yatosha kuvizuia visifunge. Baada ya hapo ndipo ringi ya pistoni ishukiwe. Mota isiyozunguka kabisa, ilhali umeme unaifikia, yawezekana imemaliza kaboni zake, na hizo hubadilishwa.

Yapo matengenezo yanayoua. Kompresa nyingi za aina hii hazitumii mafuta, na anayezimiminia oili huharibu ringi na kunasisha vumbi. Vilevile, kuna mafundi wa jua kali wanaogeuza kompresa ya friji au ya kiyoyozi kuwa ya kujazia upepo. Hufanya kazi, sikatai, ila kompresa hizo hulainishwa na oili inayozunguka pamoja na gesi. Gesi isipokuwapo, oili huishia ndani ya tairi na mashine hukauka hadi ikakwama, isipokuwa fundi awe ameipa njia nyingine ya kupata oili.

Gari lenye tangi la upepo lina jambo zito zaidi. Hewa ikibanwa huacha maji, nayo hulila tangi kutoka ndani, mahali jicho halifiki. Maji hayo yatolewe kila baada ya matumizi, na vali ya usalama isizibwe kamwe. Tangi lililotoboka kwa kutu lisichomelewe kiraka, litupwe, kwani likipasuka upepo ukiwa ndani hutawanya vipande vya chuma.

Wengine huomba upepo kwenye lori la miwa. Hapana ubaya, mradi utolewe kwenye tundu lililowekwa kwa kazi hiyo, na dereva wa lori asubiri geji irudi juu kabla ya kuondoka, maana upepo huo ndio breki zake.

Kabla ya mvua, jaribu nyumbani. Punguza tairi moja kutoka 35 hadi 20, lijaze tena, uandike dakika zilizotumika kwenye karatasi ikae garini. Msimu ujao rudia kwa tairi lile lile. Zilizokuwa dakika 5 zikiwa 8, anza na nyaya na kichujio. Visipokuwa na lawama, nunua ringi mpya ungali mjini.