Mtaa Una Sheria Zake: Wamachinga wa Mwanza

Mwanza, mali hutembea kwa kauli. Kijana ametoka Kwimba au Magu, mtaji hana, hati ya kiwanja ya kuweka rehani hana. Alicho nacho ni shangazi anayeuza vitenge karibu na Soko Kuu. Shangazi anampeleka kwa mwenye duka la jumla na kumwambia, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, mpe mali." Mwenye duka anamtazama, anamuuliza analala wapi, kisha anamhesabia dazeni moja ya fulana. Kinachoandikwa kwenye daftari ni jina na idadi, basi. Jioni kijana anarudisha hela ya mwenye mali, faida inabaki kwake, na fulana ambazo hazikutoka zinarudi dukani. Akipitisha siku bila kuonekana, anapigiwa simu. Akipitisha ya pili, simu inakwenda kwa shangazi, na hapo ndipo panapouma, kwa maana ukoo mzima utasikia kwamba mtoto wao amekula mali ya watu.

Hii ndiyo mali kauli, na bila hiyo wamachinga wa Mwanza wasingekuwepo. Wanaosema kwamba biashara ya barabarani ni vurugu isiyo na utaratibu hawajakaa nayo kutwa nzima. Utaratibu upo, tena mkali. Mahali pa mtu ni pake hata asipokuwepo. Mama akiugua au akifiwa, jirani wa meza ya pili anamuuzia na kumpelekea hela nyumbani. Mteja akiulizia saizi ambayo huna, huchelewi: unakimbia safu ya nyuma kuichukua kwa mwenzako na kuiuza, halafu mnagawana. Mteja wa kwanza wa siku hulegezewa bei ili afungue biashara, na anayekopa kabla hujafungua hukasirikiwa waziwazi. Mchezo wa hela huchezwa kila siku au kila wiki, na zamu ya mtu ikifika hapokwi hata kama kuna mwenzake mwenye shida kubwa kuliko yeye, ila kwa ridhaa yake.

Lugha ya mtaani ni Kiswahili, lakini asubuhi utasikia "Mwangaluka, mayu" kabla ya bei yoyote kutajwa. Kwa Wasukuma, kumwendea mama mtu mzima na kuanza na "hii shilingi ngapi" ni utovu wa adabu, na wauzaji waliotoka Kigoma, Mara au Kagera huizoea salamu hiyo mapema.

Kalenda ya biashara hii haiko ukutani, iko ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo siku za giza mwalo wa Kirumba hufurika: magunia kutoka Ukerewe na visiwa vingine, wanawake wanaopima kwa sado na debe, madalali, wapagazi, na wanunuzi wanaopeleka mzigo hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Hela hiyo haikai Kirumba. Mbebaji wa magunia ananunua viatu, mama wa dagaa ananunua sare za shule, na muuza soksi wa katikati ya mji anajua bila kuambiwa kwamba wavuvi wamerudi. Mwezi ukiwa mpevu, naye huchukua mali kidogo kwa kauli, maana anajua haitatoka.

Nje ya mji kuna minada na magulio, kila mahali kwa siku yake. Vijana hujazana kwenye kirikuu au lori na marobota ya mitumba, leo huku, kesho kule. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa, na wengi wao walikuwa wakirudi kutoka gulioni Bugolora. Msiba ule unaonyesha, kwa uchungu, jinsi siku ya gulio inavyowavuta watu wa ziwa hili. Soko kwao ni siku yenye watu, na mahali palipojengwa huja baadaye.

Serikali imekuwa ikiiona biashara hii ya barabarani kwa jicho lingine, na si tangu jana. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 iliwatazama watu wa mjini wasio na ajira ya kuandikwa kama wazururaji, na misako ikawasomba kuwarudisha vijijini kulima. Mwaka huohuo kulikuwa na vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwenye sabuni za ziada ndani alilala kwa hofu. Miaka michache baadaye, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikajaa, na yuleyule aliyekuwa mzururaji akaambiwa ajitafutie. Akajitafutia, na akajitafutia pale watu wanapopita. Soko huria lilimkaribisha, lakini sheria ndogo za halmashauri hazikumwachia hata hatua mbili za kusimama.

Ndipo ukaja mchezo wa kukimbizana na mgambo, nao ukazaa desturi zake. Turubai hutandikwa likiwa na kamba kwenye pembe nne. Mluzi ukisikika, unavuta mara moja na duka zima linakuwa furushi begani. Mzigo mzuri hautolewi wote, nusu hubaki kwa mama lishe chini ya benchi. Anayekamatwa huchangiwa faini na wenzake, na mwenye mali kauli humsubiri bila kumdai siku hiyo. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo la heshima kuliko yote, kwa sababu hasara ya nguvu za dola inagawanywa kati ya tajiri na maskini bila hakimu kuwaamuru.

Mwanza ilikuwa kiini cha uamuzi mkubwa mwezi Desemba 2016. Wamachinga walipokuwa wakiondolewa katikati ya jiji, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, ng'ambo ya ziwa hilihili, aliagiza zoezi lisimame hadi watengewe maeneo yanayofaa. Miaka miwili baadaye, Desemba 2018, vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo: shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Wengi walivining'iniza shingoni kwa fahari, kwa kuwa ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali kuwatambua kwa kazi yao. Kisha, mwaka 2021, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, likaja agizo la kuwapanga upya nchi nzima, na mitaa ya kati ya Mwanza, Makoroboi ikiwemo, ikasafishwa.

Wenye maduka nao wana hoja. Wanalipa kodi ya pango, leseni na kodi ya mapato, halafu mlango wao unazibwa na meza ya mtu asiyelipa hata robo ya hayo. Njia ya miguu ikijaa, mwenye baiskeli ya walemavu hapiti, na moto ukizuka gari la zimamoto halifiki. Hayo ni kweli na lazima yatatuliwe. Lakini ni kweli pia kwamba mali nyingi iliyo juu ya meza ile imetoka ndani ya duka lilelile, kwa kauli. Duka na meza ni biashara moja yenye milango miwili, na anayetaka kuvitenganisha awasikilize wenyewe wote wawili kwanza.

Usukuma ina funzo lake hapa. Mapema miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi, wanavijiji walijiundia sungusungu, wakajipangia zamu za ulinzi na yowe la kuitana. Makosa yalikuwepo, na mengine yalikuwa makubwa sana, lakini hatimaye serikali iliutambua ulinzi huo na kuuweka ndani ya sheria. Safu za wamachinga nazo zina viongozi wao, walinzi wa usiku wanaolipwa kwa mchango, na baraza la kusuluhisha anayegombea nafasi. Hakuna sababu ya msingi ya kuliheshimu baraza la kijijini na kulipuuza la barabarani.

Waliohamishwa pembezoni baada ya usafishaji ule wa 2021 walipewa vizimba na namba. Daladala hazikupita karibu, wavuvi wenye hela za siku za giza hawakufika, na jirani aliyekuwa akikuuzia ukiugua akapangwa safu nyingine kabisa. Mwenye duka la jumla naye hampi mali kauli mtu ambaye jioni hajui atampata wapi. Ndiyo maana ofisi zinapofungwa, wengi hurudi mjini na furushi. Jiji linapotaka kuuhamisha mtaa, lihamishe kwanza kituo cha daladala, liwaite wenye maduka ya jumla wafungue stoo kule, na ligawe nafasi kwa safu zilezile, jirani kwa jirani, kwa daftari la viongozi wa safu wenyewe.