Vita vya Kompyuta Huanzia Shambani

Binamu yangu alinichapa mara sita mfululizo katika mchezo wa Age of Empires II, uliotoka mwaka wa 1999. Kila mara mimi nilikimbilia askari. Kumbe vita hivi huanza na chakula! Basi wacha nikueleze niliyojifunza.

Kwanza, kwa kawaida unaanza na wanakijiji 3, mpelelezi 1 wa farasi na jengo kuu la mji. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50. Jengo hilo lisikae bure hata kidogo. Toa wanakijiji mmoja baada ya mwingine.

Pili, jenga nyumba mapema. Kila nyumba huongeza nafasi ya watu 5. Nafasi ikijaa, huwezi kuongeza mtu.

Tatu, mpelelezi azunguke akitafuta kondoo na kwa adui. Usimtume kupigana.

Nne, usirundike mali. Ukifikisha chakula 500, na uwe umejenga majengo mawili kama vile kinu na kambi ya mbao, panda enzi ya pili.

Mwisho, chunguza adui ana nini. Wenye mikuki huwaweza farasi, farasi huwaweza wapiga mishale, nao wapiga mishale huwaweza wenye mikuki.

Mara ya saba binamu alileta farasi wake kwa madaha, akakuta mikuki inamngoja. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba turudie. Ama kweli, mchumia juani hulia kivulini.