Mtambo wa Gemu Ukidorora, Shabiki Atendewe Nini?

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tumezoea kuitumia tukizungumza juu ya watu. Mimi leo nataka kuitumia kwa jambo ambalo wengi watadhani ni la mchezo tu, yaani mitambo ya gemu. Najua mwalimu mmoja au wawili wataguna, "Gemu tena! Si mkasome!" Nawaomba mnivumilie. Ndani ya gemu mna biashara, ndani ya biashara mna ahadi, na ahadi ni deni.

Kule kwetu Manyatta, kibanda cha gemu ni chumba cha mabati chenye televisheni mbili tatu, benchi, na vijana waliobanana kama omena ndani ya gorogoro. Unalipa shilingi kumi kwa mechi, na anayefungwa anapisha mwenzake. Nilipokuwa shule ya msingi, kaka mmoja jirani yetu alichukua mkopo katika chama chao akafungua kibanda. Akanunua mtambo tofauti na wa wenzake, ambao picha zake ziling'aa ajabu. Wiki ya kwanza tulijaa hadi mlangoni. Baada ya miezi michache tukaanza kuuliza, "Kaka, gemu mpya ya mpira iko wapi?" Akajibu, "Inakuja." Kila siku ikawa inakuja, inakuja. Jamani, haikuja! Waundaji wa gemu walikuwa wamekwisha kuuacha mkono mtambo ule. Watoto wakahamia kibanda cha ng'ambo ya barabara, naye kaka akamaliza deni la chama kwa kuendesha boda boda.

Sitautaja mtambo wala duka, kwani nia yangu si kumchongea mtu. Lakini swali lilinibaki moyoni hadi leo: kampuni inapoona mtambo wake unadorora, ina wajibu gani kwa yule aliyekwisha kutoa pesa zake?

Kwanza tuelewe biashara yenyewe inavyokwenda. Mara nyingi kampuni huuza mtambo kwa faida ndogo sana, au hata kwa hasara. Faida hasa hutoka kwenye gemu, kwa sababu kila gemu inayouzwa, hata iliyoundwa na kampuni nyingine, huacha kitu kidogo mfukoni mwa mwenye mtambo. Kwa hiyo kuna watu watatu wanaotegemeana: mwenye mtambo, waundaji wa gemu na wanunuzi. Wanunuzi wakiwa wachache, waundaji hawaoni haja ya kuutungia mtambo gemu. Gemu zikikosekana, wanunuzi wapya hawaji. Hapo mtambo huwa kama matatu iliyokosa abiria stendi: kila apitaye akiiona tupu, huenda kupanda nyingine.

Mfano ni Dreamcast ya kampuni ya Sega ya Japani. Ilitoka Japani Novemba 1998, na Marekani Septemba 1999 kwa dola 199. Ulikuwa mtambo mzuri, tena wenye njia ya kuunganishwa na intaneti wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni. Lakini Electronic Arts, kampuni iliyokuwa ikitoa FIFA, ilikataa kuutungia gemu. Hebu fikiria kibanda cha Kondele kisichokuwa na FIFA! Machi 2000 Sony ikatoa PlayStation 2 huko Japani, na mambo yakazidi kuwa mabaya kwa Sega.

Mbona waundaji na wanunuzi walikuwa wagumu kuiamini Sega? Sababu mojawapo ilitangulia miaka kadhaa nyuma. Novemba 1994 Sega iliuza Marekani kifaa kiitwacho 32X, kwa dola kama 160. Kilichomekwa juu ya mtambo wake wa zamani, Genesis, ili kuuongezea nguvu. Mashabiki waaminifu wakanunua. Mei 11, 1995, hata miezi 7 haijatimia, Sega ikatangaza katika maonyesho ya Los Angeles kwamba mtambo mpya kabisa, Saturn, umekwisha kufika katika maduka machache kwa dola 399. Awali ilikuwa imesema Septemba. Maduka yaliyorukwa yalikasirika. Waundaji wa gemu walikuwa hawajakamilisha kazi zao. Siku hiyohiyo Sony ikatangaza kuwa PlayStation yake itauzwa kwa dola 299. Na yule shabiki aliyenunua 32X? Alibaki na kifaa ambacho kilipata gemu kama 40 tu hadi kikafa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Dreamcast ilipokuja, wengi walikuwa wamekwisha kuumwa.

Sasa tuangalie upande wa pili, na hapa nitawapeleka Dunga, pale ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mama yangu hununua samaki kwa mama mmoja wa hapo tangu sijazaliwa. Siku moja tulinunua mbuta kwa bei ya kuruka kwa sababu mashua zilikuwa zimerudi na samaki wachache. Kesho yake zikaja zimejaa, bei ikaanguka. Tulipopita, yule mama alituita, "Kastama wangu, njoo! Jana nilikuuzia ghali, na leo kila mtu anabeba kwa bei ya chini. Chukua hawa ngege wawili, nyongeza." Hakuturudishia pesa za jana, kwani angefilisika. Lakini alitambua kwamba sisi ndio tuliosimama naye siku ya uhaba. Mama hajawahi kununua samaki kwingine hadi sasa.

Basi fahamuni kwamba kampuni ya Nintendo ilipata kufanya jambo kama hilo. Mwaka 2011 ilitoa mtambo mdogo wa kushika mkononi, Nintendo 3DS, kwa dola 249.99 huko Marekani. Haukununuliwa ilivyotarajiwa. Mwezi wa Agosti, hata nusu mwaka haujaisha, bei ikakatwa hadi dola 169.99. Aliyekuwa rais wa kampuni, Satoru Iwata, aliwaandikia wateja akikiri kwamba wale walionunua mapema huenda wakahisi wamesalitiwa. Kisha ikatoka nyongeza: walionunua kabla ya bei kushuka, na wakaunganisha mitambo yao na duka la kampuni kwenye intaneti, walipewa gemu 20 bure. Kati ya hizo, 10 zilikuwa za Game Boy Advance, ambazo wanunuzi wengine wa 3DS hawakuuziwa kamwe. Naye Iwata akajikata nusu ya mshahara wake.

Je, kulikuwa na maumivu? Naam. Nintendo ilipata hasara katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2012. Lakini 3DS ilipona, na hadi uundaji wake ukakoma ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 75. Sisemi gemu 20 za bure ndizo zilizouponya. Kupungua kwa bei na gemu nzuri zilizofuata, kama za Mario, zilifanya kazi kubwa. Ninachosema ni kwamba wale wa kwanza hawakugeuzwa kichekesho. Walibaki kuwa watetezi wa mtambo wakati ulipohitaji kutetewa.

Lakini nisije nikaipaka Nintendo mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtambo wake uliofuata, Wii U, ulitoka Novemba 2012 na kudorora vibaya. Jina lake liliwachanganya watu, wengi wakidhani ni kifaa cha kuongezea Wii ya zamani. Ulipata FIFA 13, kisha mpira ukaisha! FIFA 14 ilipotoka Septemba 2013, Wii U, ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka, haikuipata. Ajabu ya Musa ni kwamba PlayStation 2, mzee wa miaka 13 ambaye hata uundaji wake ulikuwa umekoma, aliipata FIFA 14 hiyohiyo. Kwa nini? Kwa sababu zaidi ya mitambo milioni 150 ya PlayStation 2 ilikuwa imeuzwa duniani, na mingi ilikuwa bado inafanya kazi katika nchi kama yetu. Waundaji hufuata walipo watu.

Wii U iliuzwa milioni 13 na nusu tu hadi ikaachwa mwaka 2017. Kisha baadhi ya gemu zake nzuri, kama Mario Kart 8, zikahamishiwa mtambo mpya uitwao Switch, na shabiki aliyekwisha kuinunua akatakiwa kuilipia upya. Hapo, kwa maoni yangu, nyongeza ya Dunga ilisahaulika.

Nilipoleta hoja hii katika mdahalo wa chama chetu, mwenzangu mmoja alinipinga vikali. Alisema, "Biashara ni biashara. Hata K'Ogalo walikaa miaka 18 bila kombe la ligi, tangu 1995 hadi 2013, na mashabiki hawakudai nyongeza!" Ukumbi mzima ulicheka, na mimi pia nilicheka, kwani nyumbani kwetu sote ni Gor Mahia. Lakini mfano huo una kasoro. Timu ikifungwa, shabiki hupoteza usingizi, basi. Jezi yake haiharibiki, na Jumapili ijayo kuna mechi nyingine. Mtambo wa gemu ni tofauti. Mtu hununua kitu kizima leo kwa ahadi kwamba kesho kitaletewa chakula. Chakula kikikatwa, alichonacho ni sanduku. Ndiyo maana nasema pana deni.

Mwenzangu alikuwa na haki kwa jambo moja: kampuni haiwezi kuubeba mtambo uliokufa milele. Kuna wakati wa kuzika. Lakini hata mazishi yana heshima yake. Januari 31, 2001 Sega ilitangaza wazi kwamba itaacha kuunda Dreamcast baada ya mwezi wa Machi, na kwamba itageuka kuwa kampuni ya kutunga gemu za mitambo ya wengine. Bei ya mitambo iliyobaki ikashushwa hadi chini ya dola 100. Rais wake, Isao Okawa, aliyefariki Machi mwaka huohuo, aliisamehe kampuni madeni aliyoidai na kuirudishia hisa zake zenye thamani ya takriban dola milioni 695. Mitambo milioni 9 na ushei ndiyo iliyokuwa imeuzwa, lakini huko Japani gemu mpya za Dreamcast ziliendelea kutoka kidogo kidogo hadi 2007. Habari ilikuwa chungu, lakini ilitolewa waziwazi, na mwenye duka alijua la kufanya.

Kutokana na mifano hii, mimi naona kampuni yenye mtambo unaodorora yapasa kushika mambo manne. Kwanza, iseme kweli mapema. Mwenye kibanda akiambiwa hakuna gemu mpya ya mpira, ataamua mwenyewe asinunue au auze mapema. Pili, ikishusha bei, iwakumbuke walionunua kwa bei ya juu, na iwape kitu ambacho wengine hawakupata, hata kiwe kidogo. Tatu, isilete kifaa kingine cha kumkamua shabiki yuleyule kabla hajafaidi cha kwanza. Nne, ikiamua kuuzika mtambo, itimize gemu ilizokwisha kuahidi, iendelee kutengeneza vilivyoharibika kwa muda, na gemu alizonunua mtu zimfuate kwenye mtambo mpya ikiwezekana.

Hili la mwisho lina uzito zaidi siku hizi, kwa kuwa gemu nyingi hununuliwa kwa intaneti bila hata sidii mkononi. Nintendo ilifunga duka la 3DS na Wii U Machi 2023, na Aprili 2024 ikazima huduma za kuchezeana kwa intaneti za mitambo hiyo. Kufunga duka ndiyo hali ya biashara. Ila shabiki aambiwe siku anaponunua, si siku ya kufungiwa mlango.

Kaka jirani yetu bado anauweka mtambo wake juu ya kabati, umefunikwa kitambaa. Majuzi nilimwuliza kwa nini hautupi. Akanijibu, "Unafanya kazi, bwana mdogo. Haujaharibika. Wenyewe tu ndio walioondoka." Halafu akawasha pikipiki akaenda kutafuta abiria.

Wasomaji wenzangu, baadhi yenu kesho mtakuwa wenye maduka, wenye viwanda, na pengine watunzi wa gemu hapahapa Kisumu. Mtakapofika huko, bidhaa yenu nayo itadorora siku moja, kwani hakuna masika yasiyo na mbu. Siku hiyo mkumbukeni aliyenunua wa kwanza, wakati wengine walikuwa bado wanatazama. Kwa hayo machache natia nanga.