Kadi Nyekundu Haifiki Mlangoni

Septemba 2008, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mechi ya Socozaki na Nyuki System ilichukua roho za watu 13, wengi wao vijana wadogo. Hakuna aliyeuawa na daluga. Kipa mmoja alishutumiwa kufanya uchawi, wachezaji wakashikana, afisa wa polisi aliyeingia kuwatuliza akapigwa mawe, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na umati ukakimbilia milango. Magazeti ya dunia yalilitangaza tukio hilo kuwa kisa cha uchawi. Mimi, ninayeshughulika na sheria za soka hapa Bungulu, Beni, naliona kuwa kisa cha sheria iliyoishia kwenye mstari wa chaki.

Ukatili wa mchezo haupungui kwa kuwakemea wachezaji. Wamarekani walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1905, mpira wao wa kubeba mkononi, uliotamba vyuoni, uliua vijana wasiopungua 18. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu viongozi wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton, wakaahidi kucheza kwa uungwana. Lakini ubaya ulikuwa ndani ya hesabu ya mchezo wenyewe. Timu ilipewa majaribio 3 ya kusogeza mpira yadi 5, kama mita 4 na nusu tu. Kwa umbali huo mfupi, njia rahisi ilikuwa kumzunguka mwenye mpira, kushikana mikono na kumsukuma kwa uzito wa wote hadi apenye. Aliyeanguka alilaliwa na rundo la miili, na chini ya rundo hakuna mwamuzi anayeona ngumi wala goti.

Mwaka 1906 umbali ukawa yadi 10, nafasi tupu ikawekwa kati ya pande mbili, na kurusha mpira mbele kukaruhusiwa. Sasa anayelinda alilazimika kutawanyika, kwani mpira ungeweza kupita juu ya kichwa chake. Vifo havikukoma mara moja. Mwaka 1909 vilipanda tena, na mwaka uliofuata kumsukuma mwenye mpira na kushikana mikono kukapigwa marufuku.

Soka yetu ilitegemea zaidi adhabu. Kadi za njano na nyekundu, wazo la mwamuzi Mwingereza Ken Aston, zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970. Leo Sheria ya 12 ya mchezo inapima rafu kwa ngazi tatu: uzembe ni faulo tu, kutojali usalama wa mwenzako ni njano, nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Mwaka 1998 iliandikwa waziwazi kwamba kumvaa mtu kwa nyuma na kumhatarisha ni kutolewa nje. Ni hatua njema, nami naitetea kila siku. Lakini adhabu hutegemea macho ya mtu. Mwaka 1974 huko Ujerumani, Zaire, yaani Kongo ya leo, ikifungwa 9-0 na Yugoslavia, Ilunga Mwepu alimpiga teke mwamuzi, na aliyetolewa akawa Mulamba Ndaye, yule mfungaji wa mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka huohuo. Leo mwamuzi wa video anaruhusiwa kurekebisha kosa la kumwadhibu mtu asiyehusika.

Na kwa wale wa jukwaani? Kanuni za usalama za FIFA zinakataza walinzi wa uwanjani kubeba au kutumia silaha za moto na gesi. Sababu ni rahisi kueleza: gesi humfanya kila mtu akimbie kwa wakati mmoja, wala haiongezi upana wa mlango. Walio mbele wanabanwa kifua na walio nyuma, ambao hawaoni kinachotokea. Mei 2014 gesi ilirudi tena, kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, katika mechi ya V.Club na Mazembe, na watu 15 wakafa. Kanuni ilikuwepo. Haikufika uwanjani.

Mwamuzi tayari ana mamlaka ya kukataa kuanzisha mechi uwanja usipokuwa salama. Entente za soka, yaani vyombo vinavyosimamia mchezo huu, za Beni na Butembo ziandike basi kwamba ukaguzi wake usiishie kwenye nyavu na mpira. Aizunguke milango yote, aone kila mmoja unafunguka kuelekea nje, na mwenye funguo abaki amesimama hapo hadi filimbi ya mwisho. Na polisi wanaokuja kulinda mechi waache gesi kambini.