Maumivu Yanayorudi Baada ya Upasuaji wa Nyongo

Mtu aliyekwisha kuondolewa kifuko cha nyongo huweza kurudi baada ya miezi au miaka na maumivu yale yale, chini ya mbavu za kulia. Jamaa huuliza, "Si kilitolewa?" Kilitolewa, lakini pengine kijiwe kilibaki kwenye mrija wa nyongo. Au kifuko kilikuwa kimevimba na kugandamana, daktari akaacha kipande kwa usalama, na humo vijiwe vikajitengeneza tena.

Kijiwe cha mrijani mara nyingi hutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Kipande cha kifuko chaweza kuondolewa kwa matundu madogo matatu au manne. Tumbo hujazwa hewa, na daktari hutazama kwenye skrini. Upasuaji wa nyongo wa namna hii ulifanyika Ujerumani mwaka 1985. Makovu ya zamani yakizuia, daktari hulazimika kupasua tumbo. Huo si uzembe.

Si kila maumivu ni nyongo. Vidonda vya tumbo navyo huuma hapo. Lakini macho yakiwa ya manjano, pamoja na homa na kutetemeka, njoo hospitali siku hiyo hiyo, na ulete karatasi ya upasuaji wa kwanza.