Kizibo Kilichokataa Kukaa

Wanangu, sogeeni niwasimulie kisa cha Beauchamp Tower, mhandisi wa Uingereza, na kizibo kilichomtoa jasho.

Kwanza shikeni chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa. Mkononi ni laini kabisa. Kitieni kwenye hadubini, mtaona vilima na mabonde. Ukilaza chuma kimoja juu ya kingine, vinagusana kwenye ncha za vilima tu, na uzito wote unaangukia ncha hizo chache. Zinabanana mpaka zinashikana; ukivuta, zinakatika. Huko kushikana na kukatika ndiko kunakoleta sehemu kubwa ya msuguano wa chuma kwa chuma. Vipande vilivyomeguka navyo hubaki katikati vikikwaruza huku na huku. Chuma kinapata moto, na kidogo kidogo kinalika.

Miaka ya 1880 reli zilikuwa zimeenea Uingereza nzima, na mabehewa yalibebwa na ekseli zilizozunguka chini ya beringi za shaba. Kila fundi alijua kwamba mafuta yanasaidia. Yanasaidiaje, hicho kilikuwa kitendawili. Chama cha wahandisi wa mitambo kikampa Tower kazi ya kupima.

Tower akaunda mtambo: ekseli inazunguka, upande wake wa chini umezama kwenye mafuta, na juu yake kipande cha shaba kilichobebeshwa mzigo. Akatoboa tundu juu ya shaba ile, akitaka kuweka kikombe cha kutilia mafuta. Mtambo ulipowashwa, mafuta yakapanda tunduni na kumwagika nje! Akaziba kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Akagongomea kigingi cha mbao. Nacho kikatoka. Basi akafunga geji ya kupima mgandamizo. Ikapanda kupita ratili 200 kwa kila inchi ya mraba, ilhali mzigo wenyewe, ukigawanywa eneo lote, ulikandamiza kwa ratili 100 tu.

Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mafuta yalikuwa yameubeba mzigo! Shaba haikuwa imelalia ekseli tena, ilikuwa inaelea.

Mwaka 1886 Osborne Reynolds akalieleza jambo hilo kwa hesabu. Mafuta hung'ang'ania chuma kinachozunguka, yakaburutwa nacho hadi kwenye mwanya unaozidi kuwa mwembamba. Ni kama umati unaoingia uwanjani kwa lango dogo: wa nyuma wanasukuma, wa mbele wanabanwa. Mbano huo ndio unaoinua shaba. Utando wa mafuta ni mwembamba kuliko unywele, lakini unatosha kuzuia vilima vya upande huu visifikie vya upande ule.

Ila mzunguko ukisimama, utando unaisha nguvu na vyuma vinakutana tena. Ndiyo maana mashine nyingi huumia zaidi zinapoanza na zinaposimama kuliko zinapokwenda kasi.

Kanuni hiyohiyo Albert Kingsbury wa Marekani aliitumia kubebea mizigo mizito ajabu. Mwaka 1912 beringi yake ilifungwa kwenye kituo cha umeme wa maji cha Holtwood, Pennsylvania, ikabeba karibu tani 200, uzito wa mtambo pamoja na msukumo wa maji. Miaka 75 baadaye ilikuwa bado kazini, na imelika kidogo mno.