Gari la baba, raba za wengine

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

ANAYEIJUA barabara ya kutoka Bugarama kushuka Bujumbura hahitaji kuelezwa maana ya breki. Ni kona juu ya kona, bonde upande mmoja na mlima upande wa pili, na vijana wa baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi wakiteremka kana kwamba roho zao wameziacha nyumbani. Katika mteremko huo, siku moja ya mwaka 2019, pikapu ya marehemu baba yangu, Peugeot 504, iligoma kusimama.

Nyuma tulikuwa na magunia ya viazi, na pembeni yangu alikaa mama. Kwanza ilikuja harufu ya kitu kinachoungua. Kisha gari likawa zito, kama linashikwa na mtu kwa nyuma, ingawa mguu wangu haukuwa kwenye breki. Nikadhani ni mzigo. Baada ya kona mbili tatu nikakanyaga breki na pedali ikazama hadi chini. Nikaingiza gia ya pili, nikavuta breki ya mkono na kuliegemeza gari kwenye mfereji wa upande wa mlima. Likakwaruza, likasimama.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwanangu, baba yako alilipenda gari hili. Lakini sidhani anataka litupeleke kwake leo."

Kosa lilikuwa langu. Siku tatu kabla, nikiwa Gitega, mafuta ya breki yalipungua. Kijana wa kibanda kimoja akaniambia hana mafuta ya breki ila ana ya haidroliki, na kwamba yote ni yale yale. Nilikuwa na haraka, nikamruhusu amimine.

Gari lilivutwa hadi Buyenzi, mtaa wa mafundi na wa Kiswahili hapa Bujumbura. Mzee mmoja aliyezeeka katika kazi hiyo alifungua silinda kubwa ya breki, akatoa raba moja na kuiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa laini, imevimba kama andazi.

"Imekunywa," alisema. "Raba ni kama mtu, kijana wangu. Kila mmoja ana chakula chake. Ukimlisha cha mwenzake, anaugua."

Siku ile nilijifunza jambo ambalo kila mwenye gari la zamani angepaswa kulijua. Raba za breki hutengenezwa kwa aina inayostahimili mafuta ya breki ya kawaida, yale yenye alama ya DOT 3 au DOT 4. Hizo hazivumilii mafuta ya injini, ya gia, ya haidroliki, petroli wala dizeli. Raba za injini na za njia ya petroli ni za aina nyingine, nazo hazifai kuogelea katika mafuta ya breki. Kwa macho zote ni nyeusi. Raba zangu zilipovimba, ziliziba tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kopo lake. Breki zikabaki zimeshika, zikapata moto, mafuta yakachemka, na pedali ikawa inakanyaga mvuke.

Mzee akasema raba zote za breki zitolewe, pamoja na mipira inayopeleka mafuta magurudumuni. Mabomba ya chuma yasafishwe kwa spiriti, si kwa petroli. "Sasa nenda katafute," akamaliza. Hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza.

Katika duka la kwanza muuzaji alicheka: "Kaka, gari hilo limenizidi umri." Hakukosea sana. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, ikifuata nyayo za kaka yake 404, aliyeshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya abiria mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha hadi miaka ya 2000. Pikapu ya baba ilitoka upande wa Kenya. Alikuwa akibebea dagaa Kigoma tulipokuwa wakimbizi, na mwaka 2008 akavuka nayo Manyovu kurudi nyumbani. Ndiyo maana ndugu yangu aliposema tuiuze chuma chakavu, mama alinyamaza siku nzima.

Kiwanda kikiacha gari, vipuri vya chuma hungoja. Raba haingoji. Joto, jua na hewa yenyewe huikausha hata ikiwa dukani. Hivyo, ukiambiwa kuna raba "orijino" iliyokaa kwenye pakiti kwa miaka 30, usishangilie. Ikunje kwa vidole. Ikiwa ngumu, ikitoa nyufa ndogo au ikibaki na alama ya mkunjo, mrudishie mwenyewe.

Mzee alinifundisha kugawa raba za gari katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni raba za kuzuia vumbi, maji na kelele: za milango, za vioo, za kuning'inizia ekzosi. Hapa una uhuru. Raba ya mlango huuzwa kwa mita. Chukua kipande cha ile ya zamani, linganisha umbo na unene, basi. Kining'inizo cha ekzosi mafundi wetu hukikata kutoka tairi kuukuu la lori, na hudumu.

Fungu la pili ni raba za kubeba mtikisiko, yaani za injini na bushi za mikono. Hapa majina hayasaidii. Vinavyosaidia ni vipimo: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na urefu. Bushi ya gari la Kijapani ikilingana kwa yote matatu, na mzigo wa gari hilo haupishani sana na wa lako, inaweza kufanya kazi. Fundi wa kukereza anaweza pia kukuchongea ya plastiki ngumu. Itadumu, lakini ikizidi ugumu itapeleka kila shimo la barabara kwenye chuma, na chuma kitapasuka. Kisha kuna siri ambayo mafundi wengi huipuuza: boliti ya bushi iliyoshikana na chuma ikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, raba itajipinda gari likishuka, na itachanika mapema.

Fungu la tatu mzee aliliita raba za kuokoa roho, yaani za breki. Hapa hakuna kuchonga, hakuna tairi la lori, hakuna "jaribu tuone". Lakini mbadala upo, maana viwanda vya breki viliuzia kampuni nyingi za magari, na vipenyo vya silinda hujirudia. Kipimo mara nyingi huandikwa kwenye raba yenyewe au kwenye silinda, kwa milimita au kwa inchi. Silinda zangu za nyuma zilikubali raba mpya za pikapu ya Kijapani: kipenyo kile kile, mdomo wa umbo lile lile, kimo kile kile. Sitaitaja aina yake, kwa sababu hata 504 mbili za miaka tofauti hazifanani. Pima la kwako. Na ukiona silinda ina mashimo ya kutu, raba mpya haitaziba kitu. Wala usiweke silinda pana zaidi kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, maana magurudumu ya nyuma yanaweza kukaba kabla ya mengine.

Raba za silinda kubwa zilikataa kila mbadala. Mama mmoja anayefuata bidhaa Nairobi ndiye aliyenipatia, Kirinyaga Road, kwa wauzaji ambao bado wanazikumbuka 504 zilizounganishwa kwao. Nilimpa raba ya zamani ndani ya kopo, na vipimo kwenye karatasi.

Ndugu zangu mnaovuka mipaka, hapo pana riziki, lakini pana na mitego. Mtego wa kwanza ni jina. Kile tunachokiita huku silent-bloc, kwa mazoea ya Kifaransa, ukivuka Kobero ni bushi. Durite yetu ni mpira wa maji wa rejeta. Usibebe jina, beba sampuli na vipimo. Mtego wa pili ni nati za mipira ya breki. Nati ya inchi 3/8 huingia katika tundu la milimita 10, lakini kwa ulegevu. Itaonekana imeshika, hadi siku utakapokanyaga kwa nguvu. Mtego wa tatu ni upande wa usukani. Gari la Kenya au Tanzania lina usukani kulia, na mipira ya usukani wake huenda isifae la Ulaya. Mtego wa nne ni forodha. Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotambuliwa kuwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya. Raba iliyotoka Ulaya au Asia haigeuki ya nyumbani kwa sababu umeinunulia Nairobi.

Ilinichukua miezi minne. Kwa fedha niliyotumia, ndugu yangu anasema, ningepata nusu ya gari jingine. Huenda ni kweli. Lakini siku mzee alipomaliza, alinikataza kulipakia. Tulipanda Bugarama gari likiwa tupu, tukashuka polepole kwa gia ya pili, tukisimama kila baada ya kona kadhaa kugusa magurudumu kwa mkono. Hayakuwa na moto wa kutisha. Tulipofika chini, mzee alifuta mikono na kusema, "Sasa mpeleke mama yako."

Mama hupanda hadi leo. Ila kabla ya kufunga mlango, ambao siku hizi una raba ya basi, huniuliza swali moja: "Mafuta uliyoweka ni ya nini?" Nisipomwonyesha chupa, haketi.